Roho ya Mashine

"Tazama juu. Usibane. Haya, funga taratibu, usisugue."

Dokta Mdogo alisogea kwa mgonjwa mwingine, chupa ya matone ya ganzi mkononi. Benchi la kliniki ya macho lilikuwa limejaa tangu alfajiri, na waliokosa nafasi walikaa sakafuni, migongo ukutani, miguu wameikunja ili watu wapite. Mtoto mmoja alilia. Mama mmoja aliyetiwa tone aliendelea kutazama dari kana kwamba ameambiwa akae hivyo mpaka kesho.

"Mama, umemaliza. Shusha kichwa."

"Aa, sikujua. Asante, mwanangu."

Aliitwa Dokta Mdogo kwanza kwa ajili ya kimo chake, kisha kwa sababu juu yake palikuwa na daktari bingwa wa macho, mkuu wa kitengo, ambaye hospitali nzima ilimwita Mkuu. Yeye alikuwa daktari wa kawaida, wa homa na vidonda na chochote kilichopita mlangoni, aliyepelekwa macho kwa muda tu. Huo muda ulikuwa umeingia mwaka wa nne. Wala hakulalamika, kwa sababu macho aliyapenda. Siku ya kwanza alipotazama nyuma ya jicho la mtu aliye hai, akaona mishipa ya damu imetandazwa mbele yake bila kisu wala jeraha, alisahau hata kwenda kula. Toka hapo alijua anataka kuwa bingwa wa macho. Kilichobaki kilikuwa kuruhusiwa.

Na huko kuruhusiwa ndiko kulikomchosha. Mara ya kwanza alipoomba nafasi ya kusomea ubingwa, karani wa utumishi alimwambia faili lake halionekani, na likaja kuonekana nafasi zilipokwisha. Mara ya pili Mkuu mwenyewe alimkatalia kwa sifa: "Mikono kama yako nikiiachia, hapa nitabaki na nani?" Alitoka ofisini akiwa amesifiwa na kunyimwa kwa pumzi moja. Safari hii chuo kilimkubali tena, kikamwambia waziwazi kwamba hakitamngoja. Leo ilikuwa siku ya mwisho. Alihitaji Mkuu atie saini barua ya ruhusa, na barua hiyo imfikie karani kabla hajafunga ofisi. Karani alishamwonya: "Mimi nikifunga nimefunga, hata aje nani."

Mkuu aliingia akinukia marashi, akisalimia kila mtu, akimtania mtoto aliyekuwa akilia mpaka akanyamaza. Hakuwa mtu mbaya wa kutazama. Wagonjwa walimpenda. Alimwita Dokta Mdogo ofisini kwa kidole kimoja.

"Kaa. Barua yako ninayo, nimeisoma." Aliigonga kidogo kwa kiganja pale mezani. "Nje kuna watu wa taa wangapi?"

"Ni wengi, Mkuu. Wengine wamesharudishwa zaidi ya mara mbili."

Watu wa taa ni wale wenye presha ya macho, ambao maji yamebanwa ndani ya jicho na hayana pa kutokea. Chumba cha mwisho kwenye korido kilikuwa na mashine ya kuwatibu. Ilipiga taa kali iliyotoboa kitundu kidogo sana katika lile duara lenye rangi ndani ya jicho, maji yakapata njia, na mtu akarudi kwake siku hiyohiyo. Lakini taa hiyo haipigwi hivihivi. Hupitishwa kwenye kioo kidogo kinachowekwa juu ya jicho lenyewe, kioo kisichozidi kifuniko cha chupa ya soda. Hospitali nzima ilikuwa nacho kimoja. Mkuu alikitia kwenye kikebe cha duara, kikebe akakitia mfukoni, na kila alipoondoka kwenda kwenye kliniki yake binafsi aliondoka nacho, kwa sababu cha kwake kilipasuka zamani na hakuona haja ya kununua kingine. Wauguzi walikiita roho ya mashine. Mkuu akishatoka getini, walinong'onezana: "Poleni jamani, roho imetoka."

"Leo natoka mapema," Mkuu alisema. "Waambie mashine ni mbovu. Atakayeona hawezi kungoja, mwelekeze kwangu mchana. Kwa upole. Wewe una sauti ya kuaminika."

Kazi hiyo ya kutangaza haikuwa yake. Ilikuwa ya mwenzake mmoja mrefu, ambaye kwa muda mrefu alisimama mbele ya benchi akawaambia watu habari za mashine bila kupepesa. Dokta Mdogo alimdharau kimoyomoyo, hata chai hakupenda kunywa naye. Sasa yule mrefu alikuwa chuoni akisomea ubingwa, na nafasi yake mbele ya benchi ilikuwa wazi.

"Mkuu," alisema, "si uniachie kioo? Umenifundisha mwenyewe. Nitawamaliza wote kabla ya mchana."

"Najua utawamaliza. Ukiwamaliza hapa, kule nitamtibu nani?" Mkuu alicheka, wala si kwa ubaya. "Wewe unadhani mimi nilizaliwa bingwa? Nilimbebea mtu mkoba. Nilimwoshea gari Jumapili, mimi, na digrii yangu. Wewe nakutuma maneno tu. Maneno hayana uzito. Ukishamaliza njoo kliniki, barua utaikuta na saini yake."

Alitaka kusema hapana. Neno lilikuwepo mdomoni, tayari kabisa. Lakini aliiona barua pale chini ya kiganja cha Mkuu, akaiona miaka yake minne, akasikia mdomo wake ukisema, "Sawa, Mkuu."

Muuguzi mkuu wa kliniki, mama mmoja mnene ambaye wote walimwita Sista, alimwona akitoka na kumwona Mkuu akishika njia ya getini huku akipapasa mfuko.

"Imetoka?" Sista aliuliza.

"Imetoka."

"Na nani anawaambia?"

Dokta Mdogo aligeukia benchi. Sista alimtazama, akaguna, akajitia kupanga bandeji ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Alisimama mbele ya benchi. Aliwaambia samahani. Aliwaambia mashine ya taa imeharibika, hawajui itatengemaa lini, na yeyote anayeona maumivu yamezidi anaweza kwenda kwenye kliniki ya Mkuu mchana. Sauti yake ilitoka vizuri. Hilo ndilo lililomshangaza, kwamba uongo ulitoka laini hivyo, kama maelekezo ya dawa, kutwa mara tatu.

Kisha mzee mmoja, dereva mstaafu wa malori ambaye bado alivaa kofia yake ya kazini, aliinuka akishika ukuta.

"Binti, mashine gani hii inayougua asubuhi ikapona mchana?"

"Mzee, ya kule ni nyingine."

"Mimi nimeendesha magari mabovu maisha yangu yote. Gari bovu nalijua. Gari likiwa bovu utamwona fundi chini yake, miguu nje. Fundi wa hii mashine yuko wapi? Nimekuja hapa sijui mara ngapi, sijamwona hata spana."

"Mwambie!" mtu alidakia kutoka sakafuni. "Tumechoka na danadana!"

"Njoo kesho, njoo kesho, mpaka tupofuke!"

"Wanakula hawa! Wanakula wote, mkubwa na mdogo!"

"Fundi ameitwa," Dokta Mdogo alisema. Ulikuwa uongo wa pili, na huo hakutumwa na mtu. Aliuongeza mwenyewe.

Kelele zilizidi. Mtu alisema wakamfuate mganga mkuu wa hospitali, mwingine akasema waite waandishi wa habari, na dereva alikuwa amepiga hatua mbele. Ndipo kule nyuma kabisa, karibu na ndoo ya takataka, mwanamke mmoja mwenye gauni la kutokea aliinuka.

"Jamani. Jamani, samahani."

Dokta Mdogo alimwona. Alikuwa shangazi yake.

Shangazi hakupaswa kuwa pale. Alipaswa kuwa nyumbani, kwenye cherehani, mbele ya chumba chao cha kupanga, akishona sare za shule. Hakuwa amesema kwamba anakuja, wala kwamba anaumwa. Alikuwa amejipanga foleni tangu asubuhi kama wengine, amekaa chini na gauni lake zuri, na matone ya ganzi alitiwa na Sista ambaye hakumjua.

"Mzee wangu, nisamehe kukukatiza," shangazi alimwambia dereva. "Huyo mnayemfokea nimemlea mimi. Kaka yangu aliniachia akiwa hajajua hata kusema. Nimemsomesha kwa vidole hivi." Aliviinua, vyenye alama za sindano. "Mtoto huyu akivunja kikombe, alikuwa akija kusema mwenyewe kabla sijauliza. Sijawahi kumpiga kwa uongo, kwa sababu sijawahi kumkamata na uongo. Sasa akisema mashine ni mbovu, ni mbovu. Angekuwa nayo nzima, awanyime macho yenu ili apate nini?"

Korido ilitulia. Watu walimtazama shangazi, kisha wakamtazama Dokta Mdogo, na macho yao yakalainika. Huo ndio ulikuwa wakati wa kusema. Angeweza kusema, kwa maneno matatu tu. Alitazama chini, na wao wakadhani ni haya ya kusifiwa mbele za watu.

Dereva alivua kofia.

"Nisamehe, mama. Na wewe, binti, nisamehe. Jicho likimsumbua mtu hata ulimi unamponyoka."

"Usijali, mzee," alisema.

Wakaanza kuondoka. Walikunja kadi zao, wakapigana mabega, wakashikana mikono wale wasioona vizuri. Baadhi walimpa pole yeye, kwa kazi ngumu na vifaa duni. Yule mama aliyekuwa akitazama dari alimshika mkono akamwambia Mungu atamlipa. Dokta Mdogo aliitikia kila mmoja, na kila pole ilimwingia kama tusi.

Alimchukua shangazi chumba cha uchunguzi, akafunga mlango.

"Mbona hukuniambia unaumwa?"

"Ningekuambia nini, na wewe una mambo yako ya chuo? Nilidhani ni miwani tu." Shangazi aliweka kidevu mahali alipoonyeshwa. "Jioni nikiwasha taa naiona imezungukwa na rangi, kama upinde wa mvua. Na kichwa upande huu. Juzi nimeshona sare ya watu, mkono wa kushoto nimeuweka kulia. Mwenye mtoto akaniuliza, fundi, mwanangu akienda shule arudi kinyumenyume?"

Alicheka mwenyewe. Dokta Mdogo alijaribu kucheka. Alipima presha ya jicho la kulia, akatazama namba, akapima tena. Aligusa jicho kwa kidole juu ya kope, na lilikuwa gumu kama goroli. La kushoto lilikuwa na nafuu, lakini njia ya maji ilikuwa nyembamba vilevile.

"Ni nini? Sema tu, mimi si mtoto."

"Ni presha ya jicho, shangazi. Maji yamebanwa. Nitakupa vidonge vya kuishusha, lakini ni vya muda. Linatakiwa litobolewe njia."

"Kwa ile mashine."

"Ndiyo."

"Basi nitangoja itengenezwe, kama wenzangu. Itakuwa aibu niwaambie watu waende nyumbani halafu mimi nitafutiwe mlango wa nyuma."

"Shangazi, likipanda tena hivi linaweza kuzima. Likizima haliwaki."

Mikono ya shangazi, ambayo huwa haijui kukaa bila kazi, ililala mapajani. Alikuwa mwanamke aliyepitia mengi bila kuogopa, kodi ya nyumba kupanda kila mwenye nyumba anapojisikia, uzi na vifungo kupanda bei kila wiki, lakini sasa aliogopa, na alionekana mdogo katika kile kiti.

"Sasa tufanyeje, mwanangu?"

"Twende kwa Mkuu. Nitamwomba."

Walikwenda kwa miguu, kwa sababu nauli ilikuwa imepanda tena na kliniki haikuwa mbali. Jua lilikuwa limesimama utosini. Shangazi alimshika mkono, akakanyaga kwa kubahatisha kila palipokuwa na ngazi.

"Na ile barua?" aliuliza.

"Leo anaitia saini."

"Ona sasa! Jicho na barua siku moja. Majirani nimeshawaambia kwangu anatoka daktari bingwa. Wananitania eti nimeanza kumwita bingwa kabla hajawa. Nikawaambia, ujauzito nao si huitwa mtoto?" Alimbana mkono. "Usiogope yale makelele ya asubuhi. Watu wakiumwa husema hovyo. Umesimama vizuri."

Kliniki ya Mkuu ilikuwa na feni, viti vyenye mito, na dada wa mapokezi aliyejipaka wanja. Watu wachache wa benchi walikuwepo, wale waliokuwa na ndugu wa kupigia simu, wamekaa wakihesabu noti chinichini. Walipomwona Dokta Mdogo wakainua vichwa kumsalimu.

Mkuu aliposikia mgonjwa ni nani alisimama kabisa.

"Shangazi yako? Na hukusema? Shangazi yako ni shangazi yangu. Hapa halipi hata senti. Ingia, mama, ingia, kaa."

"Mungu akubariki, daktari," shangazi alisema, na machozi yakamlengalenga. "Sijui nikushukuruje."

"Usinishukuru, mama. Mshukuru binti yako."

Mkuu aliwasha mashine, akanawa mikono. Kisha akatia mkono mfukoni mwa koti, akatoa kikebe, akakifungua. Kioo kiling'aa. Pembeni kilikuwa na mstari wa rangi nyekundu, ile rangi ambayo hospitali hupaka viti vyake, ndoo zake na machela yake ili visiibwe. Dokta Mdogo alikuwa amesimama nyuma ya kiti. Alitamani Mkuu anyamaze. Lakini Mkuu alikuwa na desturi ya kuongea na mgonjwa ili asiogope, na ilikuwa desturi nzuri.

"Hiki, mama, ndicho roho ya mashine. Kidogo hivi, lakini bila hiki mashine ni meza tu. Tunacho kimoja. Asubuhi kinakaa kule hospitali, mchana kinakaa huku. Kama mimi mwenyewe, hakina kwao."

Alicheka. Shangazi hakucheka.

"Kwa hiyo kule hakijaharibika kitu?"

"Kiharibike tena? Mungu aepushie mbali. Weka kidevu hapa. Paji la uso hapa. Ukiona mwanga usishtuke, ni kama mtu anakuchapa na kidole. Usitikisike."

Shangazi hakutikisika. Alishika vishikio viwili vya meza, akakodoa jicho ndani ya kile kioo, na taa ikapiga. Dokta Mdogo aliona shingo yake kutoka nyuma, mishipa imesimama. Alijua haikuwa maumivu. Mkuu alifanya kazi nzuri, ya haraka na safi, kazi ambayo yeye angetoa chochote aweze kuifanya hivyo. Hata pale, katikati ya aibu ile, macho yake yalifuata mikono ya Mkuu na akili yake ikanukuu kila hatua. Alijichukia kwa hilo.

"Tayari, mama. Umeokoka. La kushoto wiki ijayo. Litakuwa na ukungu kidogo leo, kesho litatulia." Mkuu aliufuta ute jichoni mwa shangazi kwa pamba, akakirudisha kioo kwenye kikebe. Kisha akavuta droo, akatoa barua, akatia saini palepale kwa mbwembwe. "Na hii yako, Dokta. Mama, umelea. Nimepigiwa simu, nasikia leo benchi lilikuwa linawaka moto, kidogo waandamane. Binti akalizima. Wote wakarudi majumbani kimya."

"Mimi ndiye niliyelizima," shangazi alisema.

Mkuu alidhani ni mzaha, akacheka tena.

Walitoka. Dokta Mdogo alikunja barua, akaitia kwenye mkoba, na kwa muda hakujua aiweke mikono yake wapi. Alitaka kueleza. Alikuwa na maelezo ya kutosha: kwamba wote hupita njia hiyo, kwamba akishakuwa bingwa atanunua kioo chake mwenyewe, kwamba atawatibu watu wengi zaidi ya hao wa leo. Kila neno alilolichagua lilikuwa na harufu ya Mkuu.

"Shangazi…"

"Nishike, kuna ngazi."

Kwenye ngazi ya chini alikuwa amekaa dereva, kofia magotini. Alikuwa ameingia, akauliza bei, akatoka. Alipomwona shangazi anashuka kwa kupapasa aliinuka haraka, akampa mkono wa upande wa pili, akamsaidia mpaka chini.

"Pole, mama. Wamekutibu?"

"Wamenitibu."

"Alhamdulillahi. Kwa bei ileile au wewe wamekupunguzia? Maana mimi bei niliyotajiwa, hata niuze godoro."

Shangazi aligeuza uso, lile jicho la kushoto na lile lenye ukungu yote mawili, akamtazama Dokta Mdogo. Hakumkemea. Alimwachia nafasi ajibu, kama alivyomwachia zamani, akisimama mbele ya vigae vya kikombe bila kuuliza.

"Ni bei ya kawaida, mzee," Dokta Mdogo alisema. "Tumejikamua tu."

Shangazi aliuachia mkono wake. Alikusanya gauni lake la kutokea, akaketi pale kwenye ngazi, kando ya nafasi ya dereva.

"Kaa, mzee wangu," alisema. "Kaa nikueleze."

"Shangazi, twende. Jua kali, na jicho hilo…"

"Wewe nenda. Ofisi itafungwa." Sauti yake haikuwa na hasira, na afadhali ingekuwa nayo. "Mzee, asubuhi nilikunyamazisha mbele za watu. Nilisema kitu nisichokijua. Mashine si mbovu. Kioo chake hutembea mfukoni mwa huyu daktari wa humu ndani, na ndicho kilichonitibu sasa hivi. Bure. Kwa sababu mimi ni shangazi mtu. Nilipokijua nilikuwa nimeshakaa kwenye kiti, na niliogopa, sikuinuka. Kwa hiyo na mimi sina uso. Lakini wale watu niliwatoa mimi."

Dereva alimsikiliza mpaka mwisho. Dokta Mdogo alijiandaa kwa matusi. Angeyapokea, pengine yangempunguzia. Lakini mzee hakutukana. Alimtazama mara moja, kisha akaangalia pembeni upesi, kama mtu aliyefungua mlango akamkuta mwenzake uchi. Alikuwa anaona aibu kwa niaba yake.

"Basi mimi kesho nakuja mapema," dereva alisema taratibu, akimwambia shangazi. "Kabla hakijatoka."

"Tutakuja wote. Nitapita kwa wale ninaowajua. Tutakaa mlangoni kwake, atutibu au aturuke." Shangazi aliinua kichwa. "Kesho zamu ni ya nani, mwanangu?"

"Yangu."

"Haya. Tutakukuta."

Dokta Mdogo aliondoka. Mwanzoni alitembea, kisha akaenda mbio, na watu wakampisha wakidhani daktari huyu anawahi mgonjwa. Hakugeuka nyuma, lakini aliijua ile picha vizuri, wazee wawili juani wakipanga mambo, mmoja na jicho moja la kuazima.

Karani alikuwa ameshachomeka ufunguo kwenye kufuli.

"Nilikuambia nini? Nikifunga nimefunga."

"Nakuomba. Tafadhali, nakuomba sana."

Karani alimtazama, akaona jasho na macho mekundu, na pengine huruma ilimgusa, au pengine alifurahi tu kuombwa na daktari. Alifungua. Alisoma barua toka juu mpaka chini, akaitazama saini kwa karibu, akagonga muhuri.

"Umeshapita. Hongera, tutakuwa tunakupigia saluti. Masomo yanaanza mwezi ujao, siyo?" Alivuta faili lake, lile lililowahi kupotea, akapekua. "Ila hapa una likizo zako hujachukua. Miaka yote hii! Ukiondoka bila kuzichukua, zimeliwa. Ungejaza leo ningekupitishia, upumzike mpaka siku ya kuripoti chuo. Kule macho watampanga mwingine."

Alimsukumia karatasi juu ya meza. Dokta Mdogo aliitazama. Alimwona mwingine huyo, kijana yeyote kutoka wodi yoyote, amesimama mbele ya benchi kesho asubuhi, na shangazi mstari wa mbele na gauni lake la kutokea, akimtafuta yeye kwa macho.

Alichukua kalamu.

"Kuanzia lini?" karani aliuliza.

"Kesho," alisema.